Vita vya Bwanaheri bin Shaabani na Minyoo ya Jogoo Liwali

Kwa jina la Mola aliyemuumba jogoo akampa sauti, kisha kwa hekima yake akaiumba na minyoo, ikaingia tumboni mwa jogoo huyo bila kupiga hodi. Amma baad.

Sogeeni, enyi watu wa Mtawanya, na ninyi wa Mahege mnaojifanya mna haraka, na ninyi mliotoka Ngorongo kwa bodaboda na vumbi lingali kopeni mwenu! Wekeni chini simu. Mwenye korosho motoni aziepue, mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe, kwa maana nakusudia kuwahadithia tendo ambalo vizazi vitalisimulia, iwapo vizazi hivyo vitakosa la kufanya. Wako watakaosema, ala, kumpa jogoo kidonge nalo ni la kuandikiwa tarehe na historia? Watu hao hawajawahi kumkamata jogoo mchana kweupe, nami sina haja ya kubishana nao.

Alikuwako, na angali yuko, bwana mmoja aitwaye Bwanaheri bin Shaabani, simba wa mikorosho, mwenye kofia ya kiua isiyoanguka hata kwa pepo za kusi, mmiliki wa nyumba yenye bati lililopakwa rangi nyekundu upande mmoja kwa sababu upande wa pili rangi iliisha. Kifua chake kilikuwa kipana na sauti yake ilikuwa pana zaidi. Hakuwahi kutumia neno moja pale ambapo kumi yangeweza kusimama. Mkewe ni Habiba, mwanamke wa maneno machache, na nadhani ndiyo sababu ndoa yao imedumu, maana hewa ndani ya nyumba ile isingewatosha wawili wenye kusema.

Na katika ua wa bwana huyo alitawala jogoo aitwaye Liwali. Manyoya yake yalikuwa ya rangi ya asali, mkia wake mweusi ulipinda kwa madaha, na alipowika hata watu wa ng'ambo ya barabara kuu waligeuka. Lakini ukimtazama kwa karibu, ufalme ule ulikuwa na ufa. Upanga wake wa kichwani, uliokuwa mwekundu, ulikuwa umepauka. Alikula mtama, alikula pumba, alikula makombo ya futari na ya daku mwezi mtukufu wote, wala hakunenepa.

Sasa lazima nieleze msiba uliotangulia, kwa sababu vita havizuki hivi hivi. Bwanaheri anaye binti, Warda, naye Warda ameposwa na kijana Haitham wa Nyamisati, kule delta. Nalisema wazi, bila kupamba: Warda anampenda Haitham, na Haitham anampenda Warda, na ingekuwa mambo ya ndoa yanaamuliwa na hao wawili peke yao, nisingekuwa na hadithi. Lakini Haitham amelelewa na shangazi yake, Bi Mwanaharusi, mama wa biashara ya kamba na kaa, mwanamke ambaye neno lake ndilo neno la ukoo mzima.

Ujio wa kwanza wa wakwe, Bwanaheri alimchinja jogoo, nduguye Liwali, kama desturi inavyotaka. Mnajua kwetu jogoo wa wakwe hatupwi kitu. Filigisi ni haki ya bwana harusi, nayo huwekwa juu ya sinia aione yeye kwanza. Utumbo nao hupasuliwa kwa kisu kidogo, ukasuguliwa kwa chumvi na ndimu, kisha ukazungushwa kwenye miguu ya kuku na kutiwa chunguni. Na mwanamke wa upande wa waume akijitolea mwenyewe kuusafisha utumbo huo, huhesabiwa kwamba amekwisha kukubali undugu. Bi Mwanaharusi alijitolea. Alikunja mikono ya gauni, akakaa kwenye kibao, akashika kisu, akapasua.

Ikatoka minyoo. Myeupe, mirefu, imejikunja pamoja kama tambi za Idi, na mmoja ukajinyoosha juu ya ubao mbele ya macho yake. Bi Mwanaharusi hakupiga kelele. Alinawa mikono, akanawa tena, na alipokaa kwenye sinia alikula wali kwa kachumbari, akasema ameshiba. Wakaondoka. Tangu siku ile Nyamisati ikawa kimya, hata Haitham mwenyewe akawa anajibu ujumbe wa Warda kwa maneno mafupi yasiyo na ladha, mpaka juzi ulipofika ujumbe kwamba watakuja Ijumaa baada ya sala, "tuzungumze." Tuzungumze nini, haikusemwa. Yawezekana ni kutaja siku ya harusi. Yawezekana ni kuvunja. Warda akaacha kula, na kope zake zikavimba, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ni moshi wa jikoni.

Hapo ndipo Bwanaheri alipoinuka kwenye jamvi, akasimama katikati ya ua, akanena:

"Nisikilizeni, enyi mikorosho, na wewe banda, na wewe mama Warda! Ukoo wa Shaabani haujapata kushindwa na mto ulipofurika, wala na nguruwe walipoingia mihogoni, wala na walanguzi wa korosho, hao kangomba, walipokuja na vipimo vyao vya uongo. Je, utashindwa leo na kidude kisicho na mfupa? Haki ya Mungu, Liwali atachinjwa Ijumaa, na utumbo wake utakuwa mweupe kama kanzu ya imamu, na Bi Mwanaharusi ataupasua kwa mkono wake mwenyewe, naye atalia kwa furaha!"

"Dawa inauzwa Kibiti, karibu na stendi," akasema Habiba. "Nenda kabla jua halijawa kali."

Naye akaenda, siku ya Jumatano, amepanda nyuma ya pikipiki kwa haiba ya mtu aliyepanda farasi. Akaingia katika duka la dawa za mifugo, ambako mlinzi wa silaha zote ni binti aitwaye Nasra, mpole, mwenye ushungi wa bluu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutaka silaha."

Nasra akauliza kama jogoo anakula. Anakula. Ananenepa? Hanenepi. Upanga umepauka? Umepauka. Anaharisha? Bwanaheri alitaka kuyajibu hayo kwa kuanzia asili ya Liwali na jinsi mama yake alivyonunuliwa Ikwiriri, lakini Nasra alikwisha kufikia kabati.

"Hii ya kuku. Kimoja kinatosha, nakupa na vitatu vya akiba, kwa sababu cha kwanza huwa wanatema. Hii nyingine ni ya wale sungura wa Warda, alinipigia simu akasema matumbo yamejaa, basi msichanganye, kila mmoja na yake. Halafu baba, dawa peke yake ni kazi bure. Kuku anadonoa palepale anaponyea, anameza mayai ya minyoo upya. Banda likwanguliwe lote, uchafu ufukiwe mbali, chini mwage majivu. Na la mwisho, kuhusu nyama yake..."

"Nyama!" akanguruma Bwanaheri, amekwisha kuinuka. "Binti yangu, mimi nimeanza kuchinja wewe hujazaliwa. Katika mambo ya nyama mimi ndiye wa kuulizwa."

Akatoka na dawa zake. Mashujaa, kama mjuavyo, huwa hawasubiri mwisho wa sentensi.

Alipofika nyumbani, Habiba alimshauri angoje magharibi, jogoo akishapanda kulala, amchukue taratibu kama watu wote wanavyofanya. Bwanaheri akamtazama kwa masikitiko. Kumvamia adui usingizini! Angewaeleza nini wajukuu? Akavua kanzu, akafunga shuka kiunoni, akasoma dua fupi, akaingia uwanjani jua likiwa utosini.

Ee kalamu, usinitoroke hapa. Liwali alimwona, akainua shingo, akaelewa kila kitu. Akakata upande wa jikoni, akaruka mafiga, akapita chini ya kanga zilizoanikwa. Bwanaheri naye akapita palepale, ila yeye hakupita chini, akatoka upande wa pili amevaa kanga ya mkewe usoni na kamba ya kuanikia shingoni. Wakaingia mihogoni. Wakatoka mihogoni. Bwanaheri akapiga mbizi ya kwanza, akakumbatia udongo. Akapiga ya pili, akapata unyoya mmoja wa mkia, akaunyanyua juu mbele ya majirani waliokuwa wameshajipanga kwenye ua wa makuti, akasema, "Mmeona?" Wakasema wameona. Jirani yake Maneno, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akauliza kama unyoya ndio utakaopewa dawa.

Ushindi haukuletwa na nguvu wala hila. Liwali alichoka. Alifika kwenye shina la mkorosho, akasimama, mabawa yakamlegea, mdomo wazi, akihema. Jogoo mzima angekimbia mpaka Bungu. Bwanaheri akamwendea polepole, akamwinua kwa mikono miwili, na hapo uso wake ukabadilika, kwa sababu chini ya manyoya yale yote ya fahari hamkuwa na kitu. Kifua kilikuwa mfupa mtupu. Alikuwa mwepesi kama kikapu kilichomwagwa.

"Masikini," akasema, neno moja tu. Alimwonea huruma, na aliona haya pia, maana miaka yote alimsifia sauti na mkia na hakuwahi kumpapasa.

Kidonge cha kwanza alikificha ndani ya tende, kwa kuwa aliamini hakuna kiumbe kinachokataa tende. Liwali akaimeza tende yote kwa heshima, kisha akakitema kidonge mguuni pa Maneno. Cha pili Habiba alikuja mwenyewe, akakivunja katikati, akaufungua mdomo wa jogoo kwa vidole viwili, akaweka kipande nyuma ya ulimi, akashika shingo, akasugua koo, halafu kipande cha pili vivyo hivyo. Ikaisha. Bwanaheri akatangaza, "Nimemmezesha!" Watu wakapiga makofi. Mimi mwandishi wa tarehe hii sina la kuongeza.

Alhamisi asubuhi uwanja ulikuwa umetapakaa maiti za adui. Kila aliponyea Liwali palikuwa na lundo la minyoo, imelala hovyo, haitikisiki, na Bwanaheri alitembea kati yake amekunja mikono nyuma kama jemadari anayekagua. Akawaita majirani waone. Akawaita waliokuwa wanakwenda shamba. Akamwita hata dereva wa bodaboda aliyekuwa na abiria. Wakati huo Habiba na Warda walikuwa ndani ya banda, nyuso zimefungwa vitambaa, wakikwangua, wakizoa, wakifukia mbali nyuma ya migomba na kumwaga majivu, kama Nasra alivyoagiza. Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote, na kama ilivyo kawaida ya vitabu vya vita, inatajwa kwa mstari mmoja.

Adhuhuri, Habiba akinawa, aliuliza: "Baba Warda, Nasra alisema nini kuhusu kumla?"

"Kumla?"

"Amekunywa dawa jana. Kesho tunamchinja. Alisemaje?"

Bwanaheri akafikiri. Ilimjia kwamba kulikuwa na sentensi, na kwamba yeye aliikata. Wakampigia Nasra, Warda akaiweka simu kwenye spika.

"Mwe! Baba!" ikasema simu. "Si ndilo nililotaka kukuambia? Nyama yake isiliwe mpaka wiki ipite, dawa imtoke mwilini. Hata mayai ya kuku waliopewa hayaliwi."

Liwali, aliyekuwa mlengwa wa mazungumzo hayo, aliwika, na kwa kweli sauti ilikuwa imezidi nguvu.

Macho ya Bwanaheri yakatembea uani, yakipita mitetea iliyokonda kwa minyoo ileile, isiyofaa hata mchuzi, yakatua kwenye kibanda cha sungura. Warda akaenda akasimama mbele yake.

"Hawa nao wamekunywa yao, baba. Jana ileile."

Basi nyumba nzima ilikuwa chini ya dawa au chini ya minyoo, hapakuwa na mnyama wa kuchinjwa, na kuku wa kununua Habiba hakumtaka, kwa sababu nani ajuaye tumbo la kuku wa mtu lina nini? Kilichokuwapo ni samaki. Na samaki, mabwana, kuwapa watu wa delta! Watu wanaoamka na samaki, wakalala na samaki, waje umbali wote huo wapewe perege!

Hapo ndipo shetani alipomkalia Bwanaheri begani. Akainama, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake: "Mama Warda, dawa haina rangi. Ikishapikwa na nazi na ndimu, nani atajua? Utumbo ni safi. Ndicho atakachokitazama yule mama. Nani atajua?"

Habiba alimwacha aseme mpaka mwisho. Warda ndiye aliyejibu, na hakupandisha sauti.

"Filigisi ataila Haitham, baba."

Bwanaheri akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa mle. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na mwenye kuutafuta ushujaa katika tarehe hii asiutafute mihogoni, autafute pale kinuni, kwa sababu mtu yule alikuwa anachagua kati ya kumwaibisha bintiye na kumdanganya mkwewe, naye hana uzoefu wa kunyamaza.

"Pika samaki," akasema mwisho. "Nitawaambia mwenyewe. Na Mungu akipenda nitasema kwa kifupi."

Ijumaa baada ya sala wakaja: wazee wa upande wa waume, na Haitham na kanzu yake iliyonyooka, na Bi Mwanaharusi mbele yao wote, na pochi kubwa kwapani, na uso usiosomeka. Wakakaribishwa jamvini. Maji ya kunawa yakapita. Masinia yakaja, na katikati ya wali wa nazi, mahali palipotakiwa jogoo, palilala perege, macho yametazama mbinguni.

Wazee wa Nyamisati wakatazamana. Nyuma ya pazia la mlango Warda alishika ukuta.

Bwanaheri akasimama. "Enyi wageni watukufu," akaanza, kisha akameza mate, akaacha utukufu. "Jogoo yupo. Alikuwa na minyoo kama yule wa kwanza. Nimempa dawa juzi, nikaambiwa nyama yake isiliwe mpaka wiki ipite, na mimi sikusikiliza nilipoambiwa. Ningeweza kumchinja msijue. Nimeona ni afadhali mnidharau kwa samaki kuliko kumlisha mwanangu Haitham kitu nisichokula mimi."

Inzi alitua juu ya perege na hakuna aliyemfukuza.

"Yuko wapi?" akauliza Bi Mwanaharusi.

"Nani?"

"Jogoo."

Wakamfungulia. Liwali akatoka bandani, banda jeupe kwa majivu, akanyoosha bawa moja kisha la pili, akaja moja kwa moja mpaka ukingoni mwa jamvi la wazee. Akasimama mbele ya Bi Mwanaharusi. Akamtazama kwa jicho la kushoto. Halafu, mbele ya koo mbili, bila adabu na bila kuombwa, akainamisha mkia, akanya.

Habiba alifunga macho. Bwanaheri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia haikutoka hata herufi. Bi Mwanaharusi akafungua pochi, akatoa miwani, akaipangusa kwa upindo wa mtandio, akaivaa. Akainama. Akaokota kijiti, akakigeuza kile kitu upande huu, akakigeuza upande ule. Wazee wa Nyamisati wakainama naye. Wazee wa Mtawanya wakasogea. Haitham mwenyewe, mtu aliyetarajiwa kukaa kwa haya na kutazama chini, alitazama chini kweli, maana ndiko kulikokuwa na mambo. Kilikuwa kikavu kiasi chake, cha rangi yake ya haki, na juu kimevaa kofia nyeupe kama inavyotakiwa.

"Hamna kitu," akasema Bi Mwanaharusi. "Safi."

"Safi," wakasema wazee.

Akatupa kijiti, akaomba maji, akanawa, na safari hii alinawa mara moja tu. Kisha akavuta sinia, akamega perege, akala. "Haya, bwana mkwe," akasema mdomo umejaa. "Tutaje siku."

Vigelegele vilivyopigwa nyuma ya pazia lile sitaviandika, kwa kuwa sauti ilikuwa ya bibi harusi mwenyewe na si desturi.

Basi iandikwe, na aliyepo amwambie asiyekuwepo: kwamba mwaka huu, katika kata ya Mtawanya, wilaya ya Kibiti, kinyesi cha jogoo mmoja kilitazamwa na wazee wa koo mbili, kikageuzwa, kikashuhudiwa, na kwa ushahidi huo binti akapata mume. Milki zimesimama kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Bwanaheri ameshaanza kuieleza habari hii misikitini na vibandani, na kila Ijumaa minyoo inaongezeka urefu.

Lakini liko moja asilolijua, nami nalitia hapa kwa kuwa nimelipata kwa mkewe. Wageni walipokuwa wanavaa viatu, Bi Mwanaharusi alimvuta Habiba jikoni, akafunga mlango.

"Dada," akasema, "hiyo dawa inauzwa wapi?"

Habiba akamwelekeza kwa Nasra.

"Siku ile nilirudi kwangu nimejaa maneno juu ya nyumba yenu. Nikachinja jogoo wangu, nipate kuwaonyesha watu wangu jinsi kuku wa mtu mwenye heshima anavyokuwa." Akarekebisha mtandio. "Nikamkuta vilevile. Akachinjwa wa pili, vilevile. Sasa ningesema nini? Ndiyo maana nilikaa kimya. Niliona haya kuja."

Habiba akamfungia vidonge viwili ndani ya kitambaa, akamfundisha namna ya kuvunja katikati, na namna ya kusugua koo.